Kwetu Hapakupita Ng'ombe

Tope lililokanyagwa na ng'ombe lina harufu yake. Si harufu ya tope tupu, wala si ya samadi tupu. Ni vyote viwili pamoja, vikichanganyika na majani mabichi, mvua ya jana na maziwa yaliyomwagika kutoka kwenye bidoni, dumu la plastiki, ya mtu anayeteremka sokoni. Siku niliporudi, gari letu lilikwama baada ya Sake, tukielekea Kirolirwe. Nilivua viatu vyangu vya ngozi, vile nilivyovileta kutoka ng'ambo, nikavishika mkononi, nikaingia njia ya mkato inayopanda mlimani.

Harufu hiyo ilinikamata puani, na kabla sijafikiri lolote miguu yangu ilianza kutembea yenyewe: mguu juu kidogo, unyayo chini mzima, hatua fupi, zote sawa, kutoka mgongo mmoja wa tope hadi mwingine. Nyuma yangu walikuwa wasichana wawili tuliokwisha kupishana, wakiteremka na maziwa. Hawakujua kwamba sauti hupanda mlima haraka kuliko mtu.

"Ona ule mama wa miwani! Anatembea sawa kuku mwenye kukanyaga mavi."

"Nyamaza, weye. Ule njo dokta mwenye alitoka Ulaya."

"Dokta gani anashindwa kutembea?"

Nilicheka peke yangu hadi nikasimama. Kuku! Miaka yote hiyo nimepita bahari, na neno lilikuwa limenisubiri pale pale nilipoliacha.

Nitajisifu kidogo sasa, na asiyependa aruke mistari hii. Mimi ni mtu wa kwanza, katika ukoo wa baba na katika ukoo wa mama, kuvaa joho la udaktari wa historia. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala mkubwa wa ofisi aliyenifungulia mlango. Nilisoma Kisangani, nikasoma ng'ambo, nikarudi. Kazi yangu ni historia ya misitu na reli katika sehemu hizi zetu, na najua watu wanavyouliza wakisikia hivyo: reli gani, Masisi na Walikale? Waulize. Diploma yangu iko ukutani, mahali ambapo mgeni ataiona hata akitaka kuangalia kwingine. Akina mama majirani wanaokuja kuniomba dawa ya mgongo huiangalia, hutikisa kichwa kwa heshima, halafu huniuliza dokta gani huyu asiye na hata kidonge kimoja.

Lakini diploma hiyo haikuanzia chuoni. Ilianzia kwenye njia.

Nilizaliwa katika msitu wa Walikale, katika kijiji cha mama yangu, mahali ambapo jua hufika chini kwa vipande. Kijiji kilikuwa na njia moja ya maana, iliyotoka kwenye migomba na kwenda mpaka mtoni. Njia nyingine zote za msituni huzunguka. Mti ukianguka, watu huuzunguka, na hata ukishaoza na kuisha, njia huendelea kuzunguka mahali ambapo hapana kitu tena. Njia yetu haikuzunguka chochote. Ilikwenda moja kwa moja kana kwamba mtu aliipima kwa kamba. Na juu yake kulikuwa na migongo na mabonde madogo, mgongo, bonde, mgongo, bonde, kama ngazi iliyolazwa chini. Mvua ikinyesha mabonde yalijaa maji ya rangi ya chai, na kwetu mvua haikujua kupumzika. Kwa hiyo tulitembea juu ya migongo tu.

Koko, yaani mama wa mama yangu, alinifundisha mwendo huo nikiwa bado nashikilia kikwembe chake, kitenge cha kiunoni. Yeye alibeba kitunga mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, na kitunga hakikutikisika hata kidogo. Kwa mtu mzima migongo ile ilikuwa karibu karibu, hatua za kujibana. Kwangu mimi ilikuwa mbali mbali, hivyo nilirukaruka kidogo. Lakini sote tulikanyaga mahali pale pale.

"Usiangalie chini," Koko alikuwa akisema. "Mguu yako inajua."

Na alinieleza kwa nini njia ile ni nyoofu. Zamani, kabla mama hajazaliwa, magari madogo ya chuma yalipita pale juu ya reli, yakiwa yamejaa mawe ya mgodini, wanaume wa kwetu wakiyasukuma kwa mikono. Chini ya reli kulikuwa na miti iliyolazwa kukingama njia, iliyokatwa palepale msituni, na migongo ile ndipo miti ilipolala. "Wazungu walienda na chuma yao yote," alisema Koko. "Njia, walishindwa kuibeba."

Baba yangu alikuwa mkulima wa milimani, karibu na Kirolirwe. Alikuwa ameshuka Walikale na maharagwe, akakawia kwa ajili ya mama. Nilipokuwa nimeanza shule alitupandisha kwao. Naweza kusema mengi juu ya siku hizo za kwanza: baridi iliyoingia mpaka ndani ya meno, moshi wa mikaratusi, nyasi zisizo na mwisho, na wale ng'ombe wenye pembe ndefu walioniangalia kana kwamba mimi ndiye mnyama. Lakini nilichokiona zaidi ni miguu. Wanawake wa milimani wana hatua ndefu. Wanapanda na kushuka wakitupa mguu mbele kama watu wanaovuka kijito, na kikwembe hupiga kelele kwa upepo. Nami nikaingia katikati yao na mwendo wangu wa kwa Koko. Watoto hawakuhitaji hata juma moja kunipa jina. Nikawa Kuku wa Porini.

Mama alijifunza haraka. Alijifunza kukamua, kujifunga blanketi mabegani, kula viazi na maziwa bila kukunja uso. Na alitaka nami nijifunze. Jioni, tukitoka kupalilia maharagwe, alitangulia kwenye udongo laini na kuniambia nikanyage alipokanyaga yeye.

"Panua! Panua hatua, Vumilia! Hapa si kwa mama yangu."

Niliruka, nikaanguka, nikaamka nikiwa na udongo mdomoni. Miguu yangu haikutaka, nami sikutaka kuisaidia. Niliona kwamba mama anamwonea Koko haya, na jambo hilo lilinichoma kuliko jina la kuku. Wazazi waliniita Vumilia, lakini wote mlionijua utotoni mwangu mtakubali kwamba jina hilo walinipa bila kunitazama vizuri.

Tulikuwa darasa la sita, mtihani wa mwisho ukikaribia, mtihani ule ambao bila huo hakuna shule nyingine, kuna jembe. Mwalimu wetu aliitwa Gratien, mtu safi, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua, mtoto wa familia ya wenye ng'ombe tangu zamani. Siku hiyo alitufundisha vyombo vya usafiri. Aliandika ubaoni: mtumbwi, gari, ndege, treni. Akasema treni ziko upande wa Katanga na upande wa Matadi, lakini hapa kwetu, Masisi na Walikale, reli haijawahi kufika tangu dunia iumbwe.

Niliinua mkono.

"Mwalimu, kwetu ilifika."

"Kwenu wapi?"

"Walikale. Ndani ya pori."

Darasa lilianza kucheka kabla sijamaliza. Mwalimu Gratien aliliacha licheke kidogo, kama mtu anayewapa watoto peremende.

"Uliona treni?"

"Hapana."

"Uliona reli?"

"Hapana, mwalimu. Niliona njia." Nikaeleza migongo na mabonde, ngazi iliyolazwa chini, maji ya rangi ya chai.

Hapo kicheko kilivunja kuta. Hata mwalimu alifuta machozi kwa kitambaa chake. Mnaojua milima ile mnaelewa sababu. Kule kila mtoto ameiona njia ya namna hiyo. Ng'ombe wakipita kwenye tope mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja hutumbukiza mguu katika shimo la aliyetangulia, shimo linazidi kuwa refu, na katikati ya mashimo hubaki migongo. Hakuna mtu wa Kirolirwe anayehitaji mwalimu kumweleza hilo.

"Mutoto," alisema Mwalimu Gratien kwa upole wa kuudhi, "hiyo ni njia ya ng'ombe. Treni yako iko na pembe."

"Inatoa maziwa!" mmoja akapiga kelele nyuma.

Nilingoja wanyamaze. Najua nilingoja, kwa sababu nakumbuka jinsi nzi mmoja alivyotembea kwenye meza yangu kutoka upande hadi upande.

"Mwalimu," nikasema, "kwetu hakuna ng'ombe. Koko yangu alizeeka bila kuona ng'ombe hata mumoja. Ni ng'ombe gani alipita?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha darasa zima, lakini sasa hawakunicheka mimi. Niliona uso wa mwalimu ukibadilika. Aliniita mbele. Akaniamuru nipige magoti, niombe radhi na niseme kwa sauti: nilidanganya, kwetu hapakupita treni. Nilikwenda mbele. Sikupiga magoti. Nilisema ninaweza kuomba radhi kwa kumjibu, lakini siwezi kusema nilidanganya, kwani sikudanganya.

"Basi toka," alisema. "Utarudi siku utasema. Na kama hausemi, egzame utafanya na kuku wenzako."

Nyumbani baba alinisihi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikaa kwenye kiti chake kifupi, akiuchokonoa moto.

"Neno moja tu, mwanangu. 'Pardon, mwalimu, nilidanganya.' Itakupasula mudomo?"

"Si neno, Papa. Ni uongo."

"Na masomo?"

Nilitaka masomo kuliko nilivyotaka chakula, na baba alijua. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa, na mimi nikahesabu ukimya wake kuwa upande wa mwalimu.

Kila asubuhi nilikwenda shuleni vilevile. Nilikaa nje kwenye jiwe chini ya dirisha, nikasikiliza masomo yote, nikaandika hesabu kwa kijiti chini. Wenzangu walipitisha midomo dirishani na kulia kama kuku. Nilifanya mahesabu yao haraka kuliko wao, nikasema majibu kwa sauti, na hilo liliwanyamazisha zaidi ya tusi lolote. Mtihani ulizidi kukaribia. Majina yalikuwa yapelekwe, na langu halikuwamo.

Halafu asubuhi moja mama alikuja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na uwanja wa shule ulikuwa laini na mtupu, bila alama hata moja, kama uji uliopoa. Mama alivaa kikwembe chake cha kanisani. Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kuliko Mwalimu Gratien, na alisimama mbele ya ofisi mpaka direkta akatoka. Direkta wetu, mkuu wa shule, alikuwa mzee wa koti zito, mzaliwa wa upande wa Kalemie, aliyeletwa milimani na kazi na ambaye hakuwahi kuizoea baridi yetu. Mwalimu Gratien naye akatoka darasani.

"Afazali umefika, mama," alisema mwalimu. "Ambia mutoto aombe pardon, tumalize."

Mama hakumwangalia. "Mutoto wangu alisema nini?"

"Alisema treni ilipita kwenu."

"Na weye?"

"Nilisema ni njia ya ng'ombe. Kila mutu anajua."

"Aya." Mama alinigeukia. "Vumilia, tembea. Toka hapa mpaka kwa bendera. Tembea ya kwa Koko."

Nilitembea. Madirisha yalijaa vichwa, na kila kichwa kilikuwa na mdomo wa kulia kama kuku. Nilitembea hivyo hivyo, mguu juu, unyayo chini, bila kuangalia chini, mpaka nikagusa mti wa bendera.

Kisha mama akavua viatu vyake vya plastiki, akaviweka pamoja kando ya ukuta, akakunja kikwembe kidogo, akatembea sambamba na alama zangu. Mguu juu, unyayo chini. Taratibu. Kichwa kilinyooka kana kwamba kulikuwa na kitunga mgongoni. Na mimi, nikiwa nimesimama chini ya bendera, nilimwona Koko akija.

Direkta aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu, mikono magotini.

"Gratien, kuya uone."

Mwalimu alikuja, shingo upande.

"Mutoto anafika mama yake hapa kwa mbavu," alisema direkta akijishika ubavuni. "Mama ni murefu hivi, mutoto ni mufupi hivi. Na hatua ni moja. Angalia: mguu wa mutoto hapa, wa mama hapa. Hapa, hapa. Ni ng'ombe gani alibafundisha?"

Halafu alifanya jambo ambalo shule ile nadhani bado inalisimulia. Alivua viatu, akavua soksi, akaziingiza mfukoni mwa koti, akakunja suruali, akatembea kando yetu mpaka kwenye bendera, akinyanyua miguu kama sisi. Vichwa vya madirishani vilisahau kulia.

"Kwetu tulikuwa tunaenda ku masomo juu ya reli, tunakanyaga miti yake," alisema, akihema. "Asubui na magaribi. Minajua ile mwendo. Huyu mutoto aingie."

Alama zake hazikulingana sawasawa na zetu, zilizidi kidogo. Leo naweza kuwaambia sababu: reli ya kwao ilikuwa kubwa, na yetu ilikuwa ile ndogo ya kusukumwa. Hamkuniuliza, lakini nimesomea.

Mwalimu Gratien hakusema kwamba nilikuwa na haki. Alisema tu, "Aingie, akae nyuma." Nilikaa nyuma. Nilifanya mtihani, nikawa wa kwanza katika shule. Narudia kwa wale ambao hawakusikia vizuri: wa kwanza. Siku ya matokeo mwalimu alipita karibu nami, akasema bila kusimama, "Kuku amepanda juu ya nyumba." Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa pongezi.

Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu. Miaka mingi baadaye, profesa wangu kule ng'ambo aliponiambia kwamba njia ya matope si ushahidi, nilimwambia aje aitembee. Hakuja. Nikaenda mwenyewe. Niliingia Walikale kwa miguu, nikapita upande wa Omate ambako vijana wanachimba leo mahali ambapo wengine walichimba jana, nikatafuta njia yetu mpaka nikaipata, na nyingine nyingi ambazo hakuna aliyezijua isipokuwa miguu ya wenyeji. Msitu ukikatwa mstari, haurudi jinsi ulivyokuwa. Mahali hapo huota kwanza miti ya haraka, ile yenye majani kama miavuli, kisha ile inayopenda mwanga, na ukipanda juu ya kilima utaona kamba ya kijani kingine ikipita katikati ya msitu, nyoofu, bila kuzunguka chochote. Nyinyi mlioniambia kwamba hapakupita kitu, pandeni kilima.

Nilielewa pia kitu ambacho Koko hakunieleza. Mwanamume anayesukuma gari la chuma lililojaa mawe hana ruhusa ya kupanua hatua. Anakanyaga mti uliolazwa, kisha mti unaofuata, maana katikati ni maji, na akiteleza gari linamrudia. Kaka zake Koko walisukuma. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Wanawake waliowapelekea chakula walipita juu ya miti hiyo hiyo, na watoto nyuma yao. Utotoni nilijivunia treni. Sasa ninajivunia wale waliosukuma, na nikisimama mbele ya wanafunzi wangu huanza na miguu ya wasukumaji hao, siyo na chuma.

Nilidhani nimeshaelewa yote. Dokta mzima.

Ile siku ya gari lililokwama, nilifika nyumbani na matope mpaka magotini. Mama amezeeka lakini hajapinda. Alinipa chai ya maziwa, akaniangalia miguu, akasema anakwenda kuangalia maharagwe yake, kama nataka nimfuate. Alitangulia. Nilikuwa nyuma yake kwenye njia nyembamba, nami nikafanya kile ambacho mtoto hafanyi kamwe: nikamtazama mama yangu anavyotembea.

Hatua zake zilikuwa ndefu. Ndefu, za milimani, kikwembe kikipiga kelele kwa upepo. Nikakumbuka zile jioni kwenye udongo laini, alama zake mbali mbali, mimi nikiruka na kuanguka. Zilikuwa ndefu hata wakati ule. Mama yangu alikuwa ameuacha mwendo wa kwa Koko tangu tulipofika, kwa juhudi, kwa siri, mpaka hakuna jirani aliyemcheka tena. Mimi peke yangu nilikuwa kuku. Na asubuhi ile, mbele ya mwalimu, mbele ya madirisha yote, alikuwa ameurudia kwa hiari yake.

Nilisimama njiani.

"Mama. Siku ile kwa masomo. Ulitembea ya kwa Koko."

"Eeh."

"Lakini ulikuwa umekwisha kuiacha."

Aligeuka, akaniangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyochelewa kuchemka.

"Leo njo unaona? Na ile diploma yote?"

"Walikucheka kisha?"

"Balinicheka mpaka Noeli. Ku kisima, ku kanisa, kila mahali. Ningefanya nini? Ulikuwa umesimama peke yako."

Akageuka, akaendelea kupanda, hatua ndefu, bila kunisubiri. Chini yetu wale wasichana wa maziwa walikuwa wakirudi na bidoni tupu, na niliwasikia wakianza tena, kuku, kuku. Nilikunja suruali yangu ya ng'ambo. Nikamfuata mama kwa hatua zangu fupi, mguu juu, unyayo chini, bila kuangalia chini. Wacheke.